Baridi ya Mponde: Funika joto, usizibe pumzi ya jiko

MSAFIRI anayetoka Mombo mwezi wa Julai kuelekea Mponde, wilayani Lushoto, huanza safari akijipepea kwa gazeti na kuimaliza akitafuta koti. Barabara hupanda kwa kona kali hadi Soni, kisha hushika upande wa Bumbuli, na kwa kawaida ya milima, hewa hupungua joto kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi katika kila mita 100 za kupanda. Anapofika kwenye mashamba ya chai hukuta ukungu umelala juu ya majani, na moshi unaopenya kwenye mapaa ya nyumba humwambia kwamba jikoni moto umewashwa tangu alfajiri.

Juu ya moto huo mara nyingi kuna sufuria ya makande. Mchanganyiko huo wa mahindi na maharage, ambao ni chakula cha kawaida katika milima ya kaskazini mashariki mwa Tanzania, huchukua saa kadhaa hadi kuiva. Saa hizo ni kuni, na kuni ni mzigo unaobebwa kichwani, aghalabu na mwanamke au mtoto, kwenye njia za kupanda na kushuka.

Kwa nini sufuria ileile, yenye makande yaleyale, hula kuni nyingi zaidi Mponde kuliko Tanga mjini? Na je, ipo njia ya kupunguza ulaji huo bila kununua mtambo wa gharama kubwa? Jibu la swali la pili limo ndani ya chombo kinachopatikana karibu katika kila nyumba ya mjini, nacho ni chupa ya chai.

Baridi hula kuni kwa njia tatu

Njia ya kwanza ni ya wazi. Joto hukimbia kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi, na kadiri tofauti kati ya vitu hivyo inavyokuwa kubwa ndivyo linavyokimbia kwa kasi. Chukua mfano wa sufuria yenye nyuzi joto 95. Ikiwa kwenye hewa ya pwani ya nyuzi 28, tofauti ni nyuzi 67. Ikiwa kwenye hewa ya asubuhi ya mlimani ya nyuzi 12, tofauti inafika nyuzi 83. Kwa hesabu hiyo, joto linalopotea kupitia kuta za sufuria na mfuniko wake linaongezeka kwa karibu robo, na hapo upepo unaopita kwenye nyufa za jiko haujahesabiwa.

Njia ya pili haionekani kwa macho. Maji ya Tanga mjini, kando ya bahari, huchemka yanapofika nyuzi 100. Kadiri mtu anavyopanda mlima, uzito wa hewa inayokandamiza maji hupungua, na maji huchemka mapema, takriban nyuzi moja chini kwa kila mita 300. Katika mji wa Lushoto, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, maji huchemka yakiwa na karibu nyuzi 95. Mpishi akiongeza kuni hapo, maji hayazidi kuwa ya moto; yanazidi tu kugeuka mvuke. Maharage yaliyozoea nyuzi 100 za pwani yatahitaji muda mrefu zaidi ndani ya nyuzi 95 za mlimani.

Njia ya tatu ni ya kuni zenyewe. Ukungu na manyunyu huzifanya zisikauke vizuri, na ukuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla ya kuanza kupasha sufuria. Ukuni ambao nusu ya uzito wake ni maji hutoa karibu nusu tu ya joto linalotolewa na ukuni mkavu wa uzito huohuo, na moshi wake ni mwingi zaidi.

Kuni nyingi huishia kwenye mvuke

Hesabu kidogo inasaidia kuona mahali hasa kuni zinapokwenda. Kuchemsha lita tano za maji kutoka nyuzi 15 hadi 95 kunahitaji takriban megajuli 1.7 za joto. Kilo moja ya kuni kavu ina karibu megajuli 16. Kama joto lote lingeingia kwenye sufuria, gramu 100 na ushei za kuni zingetosha. Lakini mafiga matatu yaliyo wazi huipa sufuria takriban sehemu moja tu kati ya kumi, au kati ya saba, ya joto la moto wake. Zinazobaki hupasha hewa, mawe na kuta. Kwa hiyo kazi hiyo ndogo huchukua kati ya robo tatu ya kilo na kilo nzima ya kuni.

Hata hivyo, hapo ni mwanzo tu. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji takriban megajuli 2.3, yaani joto jingi kuliko lile lililotumika kuzichemsha lita zote tano. Mpishi anayeacha sufuria itokote kwa saa tatu, akiongeza maji kila yanapokauka, anatumia sehemu kubwa ya kuni zake kutengeneza mvuke unaopotelea kwenye paa.

Hapa ndipo kwenye kiini cha jambo lenyewe. Chakula kikishachemka hakihitaji tena moto mkali. Kinahitaji tu kubaki na joto kililonalo. Harage halijui kama joto lake linatoka kwenye moto unaowaka wakati huo au kwenye moto uliozimwa nusu saa iliyopita. Linachohitaji ni kukaa kwenye maji ya moto kwa muda wa kutosha.

Kanuni ya chupa ya chai

Chupa ya chai haina moto ndani yake, lakini chai iliyotiwa alfajiri hunyweka mchana ikiwa bado ya moto. Chupa haitengenezi joto. Inalizuia tu lisitoroke. Kitu kinachofanya kazi hiyo ya kuzuia joto huitwa kihami joto, na katika maisha ya kila siku kihami kilicho rahisi kuliko vyote ni hewa iliyotulia.

Blanketi, sweta, manyoya ya kuku na sufi ya mto hufanya kazi kwa siri hiyohiyo. Vyote vina vijumba vidogo vingi vilivyoshika hewa isiyoweza kutembea. Hewa ikitembea hubeba joto na kwenda nalo. Ikinaswa, hugeuka ukuta. Ndiyo maana blanketi lililolowa halimsaidii mtu, kwani maji yamechukua nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto kwa urahisi zaidi mara nyingi kuliko hewa iliyotulia.

Ni kanuni hii inayotumiwa katika nchi za baridi kali kuyavisha majiko yenyewe. Nchini Marekani yapo majiko ya kubanikia na kufukizia nyama kwa moshi yanayotumia vidonge vya mbao, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vipande vyembamba mfano wa kipande cha penseli. Joe Traeger wa jimbo la Oregon ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa jiko la aina hiyo, katikati ya miaka ya 1980. Mota ya umeme huzungusha parafujo inayosukuma vidonge kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto, feni hupuliza hewa, na kifaa cha kudhibiti joto huamua vidonge vingapi viingie.

Mwana wa Afrika Mashariki anayeishi Minnesota na anayetaka nyama ya moshi mwezi wa Januari hukutana na tatizo lilelile la mpishi wa Mponde. Jiko lake linatakiwa kubaki kwenye nyuzi 110. Siku ya kiangazi yenye nyuzi 25, tofauti kati ya jiko na hewa ni nyuzi 85. Siku ya theluji yenye nyuzi 10 chini ya sifuri, tofauti ni nyuzi 120, na joto linalopotea linaongezeka kwa takriban asilimia 40. Kifaa cha kudhibiti joto huona jiko linapoa na kuagiza vidonge zaidi, na gunia huisha mapema.

Dawa yake ni koti maalumu la kitambaa kisichoshika moto, linalovishwa kwenye pipa la jiko. Lakini koti hilo lina masharti. Halifuniki bomba la moshi, haligusi matundu ya kuingizia hewa, na halifuniki tangi la vidonge. Aidha, huvuliwa hali ya hewa inapopata joto, kwa sababu jiko lililovishwa wakati wa kiangazi huweza kuzidi joto linalotakiwa. Blanketi la kawaida la kitandani halifai kabisa kwa kazi hiyo, kwa kuwa linaweza kuwaka.

Kapu la joto

Mponde hakuna haja ya koti la namna hiyo. Mafiga hayavishwi blanketi. Lakini sufuria, ikishaondolewa motoni, inaweza kuvishwa, na hapo ndipo linapoingia kapu la kuhifadhi joto, ambalo hujulikana kama jiko lisilo na moto.

Wazo hilo si geni duniani. Johan Sørensen wa Norway alionyesha sanduku la namna hiyo katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akina mama wa Uingereza walihimizwa kutumia masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kuokoa mafuta na makaa. Afrika Kusini nako, mfuko wa kitambaa wa kupikia kwa kanuni hiyo ulianza kusambazwa mwaka 2008.

Kutengeneza kapu hakuhitaji fundi. Hutafutwa tenga au kapu lililo pana kuliko sufuria kwa takriban sentimita 10 kila upande. Chini na pembeni hushindiliwa kihami kikavu: majani makavu ya mgomba, maranda ya mbao, sufi, pamba au vipande vya blanketi kuukuu. Juu yake hutandikwa kitambaa imara, na katikati huachwa shimo lenye umbo la sufuria. Hatimaye hushonwa mto mnene wa kufunika juu, kwani joto jingi hutoroka kupitia mfuniko. Kapu lenye kuta nene na mto mwembamba ni sawa na mtu aliyevaa makoti mawili na kubaki kifua wazi.

Matumizi yake yana kanuni chache. Sufuria iwe na mfuniko unaokaza na ijae angalau robo tatu, kwa sababu chakula kichache hupoa haraka. Chakula kichemke sawasawa, si kupata uvuguvugu tu. Kisha sufuria iingizwe ndani ya kapu mara moja, baada ya kupangusa kitako chake, maana masizi yaliyoshika cheche huweza kuunguza maranda na majani makavu. Baada ya hapo kapu lisifunguliwe mpaka muda utimie. Kila kuchungulia kunatoa joto ambalo hakuna moto wa kulirudisha. Maji nayo yapunguzwe kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa hayakauki.

Wali uliochemka dakika chache hukamilika ndani ya kapu kwa takriban saa moja. Ndizi, viazi na mboga za mizizi nazo hukubali. Makande na maharage huhitaji saa kadhaa na pengine kurudishwa motoni mara moja katikati, lakini saa hizo mpishi huwa shambani, sokoni au kwenye kuchuma chai, na hakuna anayebaki nyumbani kuchochea moto.

Maharage hayataki mzaha

Pamoja na faida hizo, lipo onyo ambalo kila anayetaka kutumia kapu anapaswa kulijua. Maharage mabichi, hususan mekundu, yana protini ya asili iliyo sumu kwa tumbo la binadamu. Sumu hiyo huharibiwa na mchemko mkali, si na joto la wastani. Maharage yaliyopashwa hadi kufikia nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na madhara makubwa zaidi kuliko mabichi, na anayeyala huweza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache.

Kwa sababu hiyo, maharage hulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea humwagwa, na yanapowekwa kwenye maji mapya huchemshwa kwa nguvu kwanza. Ushauri wa jumla wa kiafya ni dakika zisizopungua 10 za mchemko mkali. Mlimani, ambako maji huchemka chini ya nyuzi 100, kuchemsha kwa nusu saa ni salama zaidi. Baada ya hapo ndipo sufuria huhamia kwenye kapu.

Hatari nyingine ni chakula kupoa taratibu. Vijidudu huzaana kwa kasi katika chakula kilicho chini ya nyuzi 60. Kapu likifunguliwa na chakula kikakutwa kina uvuguvugu badala ya kuunguza, kinarudishwa motoni na kuchemka upya kabla ya kuliwa. Kapu si mahali pa kulaza kiporo.

Kiwandani kanuni ni ileile

Wakulima wa Mponde wanaijua thamani ya joto kutoka upande mwingine. Jani bichi la chai lina takriban robo tatu ya uzito wake au zaidi kama maji, na chai iliyokamilika hubakiwa na karibu asilimia tatu tu. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai. Tofauti yote hiyo huondolewa kwa joto, na jani lililochumwa haliwezi kungoja siku nyingi. Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro, kabla ya kurejeshwa mikononi mwa serikali mwaka 2016, wakulima waliona wenyewe kwamba jani lisilo na mahali pa kukaushiwa halina bei.

Katika viwanda vya chai vinavyotumia kuni, boila huchemsha maji, na mvuke husafiri ndani ya mabomba hadi kwenye mashine za kukaushia. Bomba lililo wazi kwenye hewa ya baridi hupoteza joto njia nzima, na sehemu ya mvuke hugeuka maji kabla ya kufika. Ndiyo maana mabomba huvikwa pamba ya kioo au ya mwamba na kufunikwa kwa bati jembamba. Mahali ambapo vazi hilo limechanika na halijazibwa, kuni huteketea kupasha hewa ya nje. Kapu la mama wa nyumbani na bomba la kiwandani ni ndugu.

Usizibe pumzi ya jiko

Msimu wa baridi una kishawishi chake. Mtu anayeona joto linatoroka hutamani kuziba kila tundu. Hapo ndipo kuokoa kuni kunapogeuka kuokota msiba. Moto nao hupumua. Ukinyimwa hewa hauzimiki palepale. Huungua nusunusu na kutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika damu mahali pa oksijeni, na aliyelala huweza kufa bila kuzinduka.

Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku ili kupasha joto, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, ni hatari hata kama makaa yanaonekana mekundu na hayatoi moshi. Ukosefu wa moshi si dalili ya usalama. Kwa hiyo kanuni ya jikoni Mponde ni ileile ya jiko la vidonge kule Minnesota: kinachovishwa ni sehemu inayotunza joto, kamwe si tundu la hewa wala njia ya moshi. Na kapu la joto lina faida ya pekee hapa, kwa kuwa ndani yake hamna moto kabisa.

Vilevile si kila kitu kinene ni kihami. Jiko la udongo lenye kuta nene sana hunyonya joto jingi kabla halijaanza kulirudisha. Linafaa kwa mapishi marefu, lakini kwa chai ya asubuhi linaweza kula kuni bure. Kihami kizuri ni chepesi na chenye vijumba vya hewa, mfano majivu au tofali la udongo lililochanganywa na unga wa mbao, ambao huungua wakati wa kuchoma na kuacha vitundu. Majiko ya mkaa yenye kikombe cha udongo ndani ya bati, yaliyoenea Kenya tangu miaka ya mwanzo ya 1980 na kisha kufika Tanzania, yalipata sifa kwa sababu udongo huo hulinda joto lisiishie kwenye bati.

Ni haki pia kukiri kwamba joto linalopotea mafigani halipotei lote bure. Usiku wa Julai, familia hukaa kuuzunguka moto kuota na kuzungumza, na kapu haliwezi kuchukua nafasi hiyo. Linachoweza ni kutenganisha mambo mawili: moto wa kupikia ukazimwa mapema, na ule wa kuota ukawa mdogo na wa muda mfupi.

Mjini nako kuna hesabu

Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga anaweza kuona haya ni mambo ya mlimani. Lakini mtungi wa gesi nao huisha, na maharage ni maharage hata mjini. Sufuria iliyochemka kwa gesi nusu saa na kumalizia ndani ya kapu haimalizi mtungi kama ile iliyotokota saa tatu.

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Sababu zake zinafahamika. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo takriban milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kapu haliwezi kuwa badala ya nishati safi, ila ni rafiki yake, kwa kuwa linapunguza gharama ya gesi au umeme, na gharama hiyo ndiyo inayowarudisha wengi kwenye kuni na mkaa.

Kwa Mponde jambo hili lina uzito wake. Misitu ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko, na ni chanzo cha mito inayoteremka hadi tambarare. Kila mzigo wa kuni usiokatwa hubaki mti, na mti huo ndio unaoshika ukungu na maji yanayokuza chai.

Baridi ya Julai itarudi kila mwaka, na hakuna jiko litakaloizuia. Lakini mama aliyechemsha makande yake alfajiri, akayafunika kwa mto wa majani ya mgomba na kwenda kuchuma chai, huyakuta ya moto anaporudi, na kuni za kesho zikiwa bado zimepangwa ukutani.